Mstari wa Bluu Chini ya Mbavu

Mwanangu Zefania,

Watu wengi wakionyeshwa picha ya timu huwahesabu waliomo. Nawe ulifanya hivyo wiki iliyopita ulipoishusha ile picha yangu ukutani ili uipange kwenye sanduku lako. Ulihesabu kumi na mmoja, ukamtafuta baba yako, ukamkuta amekaa katikati na mpira miguuni, nywele bado nyeusi, ukacheka. Ukaniuliza, "Baba, na hawa wote wako wapi sasa?" Nikakutajia: huyu ni karani, huyu ni mwalimu kama mimi, huyu alikufa vitani, huyu sijui. Hukuniuliza kuhusu asiyekuwemo. Hakuna anayeuliza. Hilo ndilo kosa lenyewe, na mimi ndiye niliyewarahisishia watu kulifanya, kwa sababu historia ya timu ile ya kandanda, pamoja na ya timu ya mpira wa wavu iliyotokana nayo, niliiandika kwa mkono wangu nilipokuwa katibu wa michezo wa Chuo. Nasikia kitabu bado kipo. Kina jalada jekundu, na wanafunzi wapya husomewa kurasa zake wakifika. Baada ya wiki mbili utasomewa wewe.

Nakuandikia jioni hii kwa kuwa umekwenda kulala kwa bibi yako akuombee safari. Kesho alfajiri utapita hapa kuchukua viatu vyako vya njumu, maana vijana wa Shelui wamekuandalia mechi ya kukuaga saa mbili asubuhi, kabla ya lori la Nzega kuondoka mchana. Viatu vinaning'inia kwenye msumari wake hapa mbele yangu. Barua hii nitaiingiza ndani ya kiatu cha kushoto. Huwezi kukivaa bila kuigusa kwa vidole.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuangalia sanduku kwenye meli, wala chakula cha njiani. Hayo mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na ya tatu ulimwambia "nimesikia, mama" kwa sauti niliyoitambua, maana ni yangu mwenyewe ya zamani. Nataka kukueleza jambo nililolisoma leo mchana katika karatasi zako.

Nilifungua bahasha ya Chuo nihakikishe kwamba yote yamo. Unanijua; miaka yote hii ya ualimu mkuu imenizoeza, siwezi kuona bahasha nikaiacha bila kuikagua. Nikaisoma fomu ya daktari. Urefu, sawa. Macho, sawa. Bandama, haikuvimba. Alama za mwili: kovu refu juu ya goti la kulia.

Wewe huna kovu juu ya goti la kulia, Zefania. Mwili wako naujua kama uwanja wa shule yangu. Mwenye kovu hilo ni Yona, mtoto wa baba yako mkubwa, tangu siku ile alipoangukia jembe la ng'ombe.

Nikamwita Yona. Alikuja akijifuta mikono, akadhani namtaka asaidie kufunga mizigo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Goti lako linaendeleaje?"

"Goti? Haliumi, baba mdogo. Lilipona zamani."

"Nimefurahi. Daktari wa misheni ameliandika vizuri sana, kwa mwandiko wa kupendeza."

Akatazama kuku waliokuwa uani kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuwanunua. Kisha akasema, "Zefania aliniambia ni utani tu. Daktari alikuwa na watu wengi pale barazani, alikuwa anaita majina bila kuinua kichwa. Nikaitika, basi."

"Na kwa nini hakuitika mwenye jina?"

"Alisema wakimkuta na bandama, kule Chuo watamnyima mpira. Watampeleka kwenye wavu na kina dada." Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki. "Lakini haumwi, baba mdogo. Nakuapia. Jana tu amenibeba mgongoni kutoka kisimani."

Nikamruhusu aende. Kisha nikakaa nikakumbuka mambo ambayo mama yako amekuwa akiyasema tangu mvua ziishe, nami nikimwambia aache wasiwasi: kwamba zile homa zako za mbugani zilirudi mara nne mwaka huu, kwamba ukila vijiko vichache unasema umeshiba, kwamba mkanda wako umeulegeza tundu moja wakati mikono yako imekonda, kwamba huulalii tena ubavu wa kushoto. Na jana nilikuona kwa macho yangu, ulipoinua sanduku, ukaliweka chini haraka na kuushika ubavu huo kwa kiganja. Ulipogundua kwamba nakutazama, ulijifanya unajikuna.

Sasa nikusimulie kile ambacho hakimo katika kitabu chekundu.

Nilipokwenda Chuoni, nilisafiri na kijana wa Issuna aliyeitwa Ntandu. Tulikutana Singida, kila mmoja na sanduku lake la mbao, na mpaka tunafika ziwani tulikuwa tumekwisha kutukanana vya kutosha kuwa ndugu. Yeye Mnyaturu, mimi Mnyiramba. Aliniambia sisi tunajenga nyumba chini ya mlima ili mawe yakianguka yasipate tabu ya kutufuata. Nikamwambia kwao wanafundisha mbuzi kusalimia kabla ya watoto. Alikuwa mrefu kuliko mimi, mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika mbali. Alipenda mpira kuliko chakula.

Timu ya kandanda tuliikuta. Waliotutangulia waliianzisha kwa miguu mitupu, wakicheza kwenye kiwanja walichokifyeka wenyewe, na fulana walizitia rangi kwa kuzichemsha katika sufuria la jikoni, ndiyo maana kwa muda wote niliokuwa pale uji wa Chuo ulisemwa kuwa una rangi ya timu. Hayo yamo kitabuni. Ilikuwa timu ya kuogopwa. Iliheshimu jambo moja kuliko yote: mtu hatoki uwanjani. Siku hizo, ukiumia hakuna wa kuingia badala yako. Unachechemea pembeni na kuhesabika, au unawaacha wenzako kumi. Kuwaacha wenzako kumi ilikuwa aibu ambayo mtu aliibeba hata bwaloni. Walimpisha kwenye benchi ili akae peke yake.

Wiki yetu ya kwanza tulipimwa. Tulisimama mstari ndani ya bwalo, vifua wazi, kila mmoja na kipande cha karatasi ngumu shingoni chenye namba. Daktari wa Chuo alikuwa Mzungu wa makamo, mpole, aliyesugua vidole vyake kabla ya kukugusa visiwe baridi. Unalala chali juu ya meza, unakunja magoti, unavuta pumzi, naye anabonyeza taratibu chini ya mbavu za kushoto. Akiikuta bandama imeteremka, anachukua kalamu ya bluu na kuchora mstari kwenye ngozi mahali inapoishia. Kisha anasema maneno yale yale kwa kila mwenye mstari: "Wewe, kandanda hapana."

Nikueleze sababu, kwa kuwa naamini hakuna aliyekueleza. Bandama hukaa imejificha ndani ya mbavu, kiasi cha ngumi yako tu. Mtu akiugua malaria tena na tena, inavimba. Inashuka, inatoka kwenye kinga ya mifupa, inalala wazi tumboni. Na kadiri inavyovimba ndivyo ganda lake linavyokuwa jembamba, kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Ndani imejaa damu tupu. Nayo haiumi. Unaweza kulima nayo, kubeba mtu kutoka kisimani nayo, kucheka nayo. Inangoja kiwiko kimoja tu.

Na hapa ndipo watu wa kwetu hukosea kwa namna ambayo watu wa nchi za baridi hawawezi kukosea. Sisi tumekua tukiona matumbo ya namna hiyo. Chini huku, karibu na mbuga, hakuna nyumba isiyo na mtoto mwenye jiwe ubavuni, na watoto hao wanakimbia na kuchunga kama wengine. Jambo likiwa la kila mtu halionekani kuwa ugonjwa. Tulipomwona yule daktari akichora mistari yake, tulimhurumia. Tulidhani hajawahi kuona tumbo la mtu mweusi.

Mwaka ule waliochorwa walikuwa sita, na Ntandu alikuwa mmoja wao. Namba kumi na saba. Alitoka bwaloni ameshika shati mkononi, anautazama ule mstari kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa ukutani na adui.

Daktari hakuwaacha hivyo hivyo. Alisema vijana hawa nao lazima waruke na kucheka, watafutiwe mchezo ambao mtu hagongani na mtu. Akatoka mwenyewe hadi ufukweni akaomba kipande cha wavu wa samaki uliochakaa. Ntandu akachimba mashimo, akasimamisha miti miwili, akaufunga wavu ambao ulinuka samaki muhula mzima. Timu ya mpira wa wavu ya Chuo kile ilianza hivyo, mwanangu: watu sita, na kila mmoja ana mstari wa bluu chini ya mbavu. Katika kitabu niliandika kwamba ilianzishwa "kwa kupanua michezo." Neno hilo la kupanua nililifikiria usiku mzima.

Sisi wa kandanda tulipita tukiwacheka. Wavu ule kwa mbali ulifanana na kamba ya kuanikia nguo.

"Mabibi, nguo zimekauka?" tuliwauliza.

"Zimekauka," Ntandu alijibu. "Njoo uchukue kaptura yako, katibu. Tumeifua mara mbili, bado ina tope la magoli mliyofungwa Jumamosi."

Walitushinda kwa maneno, na baada ya mwaka walianza kutushinda kwa watazamaji. Ntandu aliruka juu ya wavu mpaka mkono wake wote ukaonekana upande wa pili, akaupiga mpira chini kwa kishindo kilichofanya wapishi watoke jikoni. Alikuwa na furaha. Hilo nalisema kwa sababu kwa miaka mingi nilijifariji kwamba hakuwa nayo, kwamba nilimtoa gerezani. Si kweli. Nilimtoa mahali alipokuwa na furaha.

Mwaka wa pili, senta-hafu wetu, namba tano, aliitwa nyumbani kwa msiba, na mbele yetu palikuwa na mechi ya kombe dhidi ya watu wa reli, wanaume wazima wenye vifua kama milango. Mimi nilikuwa katibu. Nilikwenda kumkuta Ntandu akirekebisha wavu wake.

"Ntandu, kuna mahali panakuuma?"

"Hapana."

"Usiku unaumwa?"

"Nalala kama gogo. Kwa nini?"

"Basi niambie una ugonjwa gani."

Akaendelea kufunga fundo. "Daktari alisema."

"Daktari anasema kwa matumbo ya kwao. Wewe kwenu Issuna hukuwaona watu wenye bandama? Hawalimi? Hawachezi ngoma hadi asubuhi?"

"Wanacheza," alisema.

"Haya."

Akalikaza fundo. Kisha akasema jambo ambalo nimeishi nalo. "Mnyiramba, wewe umesoma sayansi kuliko mimi. Ukiniambia ni salama, nitacheza."

Nikamwambia ni salama.

Kila muhula wenye mistari walipimwa tena. Ntandu akanipa karatasi yake ya shingoni, maana daktari alitujua kwa namba na matumbo, si kwa nyuso. Nililala juu ya meza ya daktari na namba kumi na saba kifuani, nikakunja magoti, nikavuta pumzi. Alibonyeza. Alibonyeza tena, polepole, akatafuta huku na huku, na nikaona uso wake ukifunguka. "Kwinini imefanya kazi," alisema. "Imefanya kazi nzuri sana." Alinipa mkono, Zefania. Hakuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi mkono. Kisha akasema, "Nenda kacheze."

Mechi ile tulishinda. Mabao yamo kitabuni, ukitaka utayasoma. Katika kipindi cha pili, mshambuliaji mmoja wa reli aliruka pamoja na Ntandu kuugombea mpira wa juu, na waliposhuka goti lake likamgonga ubavuni. Halikuwa jambo kubwa. Refa hakupuliza hata filimbi. Ntandu alikaa chini, akapumua, akasimama, akaniambia kwa ishara kwamba yuko salama, akarudi mahali pake. Hakutoka uwanjani. Alicheza mpaka mwisho, ingawa nilimwona anatembea mahali ambapo angekimbia.

Baada ya filimbi wenzetu walianza kuimba. Ntandu alikwenda kukaa kwenye miti ya wavu wake. Nikamfuata.

"Katibu," akasema, "bega la kushoto linaniuma."

"Ulianguka vibaya."

"Sikuangukia bega."

Nikalisugua kwa mafuta. Nilisugua bega lile kwa bidii, mwanangu, wakati kilichopasuka kilikuwa chini kabisa, tumboni. Baadaye sana nilisoma kwamba damu ikimwagika ndani na kugusa kile kiwambo cha pumzi kilicho kati ya kifua na tumbo, maumivu hujitokeza begani. Mwili hupeleka habari mahali pasipohusika. Aliomba maji, akanywa, akaomba tena. Alipiga miayo mingi, kama mtu aliyechoka tu. Midomo ilikuwa imepauka. Akasema jua limezama mapema leo, na jua lilikuwa bado liko juu ya paa la bwalo. Nikakimbia kumwita daktari. Tuliporudi alikuwa ameuegemea mti wa wavu, na wenzetu walikuwa bado wanaimba.

Daktari alimfunua shati. Alitazama tumbo, akatazama vidole vyake mwenyewe. "Nilimpima wiki tatu zilizopita," aliniambia. "Kwa mikono hii. Tumbo lilikuwa laini." Alinitazama kama anayeomba nimsaidie kuelewa. Mimi ndiye mtu pekee duniani niliyeweza kumsaidia. Nikasema, "Ndiyo, bwana daktari." Kabla ya mwaka kwisha aliacha kazi Chuoni. Nilisikia kwamba hakumpima tena mgonjwa yeyote, kwamba haviamini vidole vyake. Vidole vile havikuwa na kosa lolote.

Picha ya timu ilipigwa siku nne baada ya maziko. Nilimwita mchezaji wa akiba akae kulia kwangu ili tutimie. Ndiye yule mwenye masikio makubwa uliyemcheka. Hakucheza mechi ile. Mahali alipokaa palikuwa pa Ntandu. Kisha nikafungua kitabu chekundu nikaandika kwamba mwanachuo mmoja wa mpira wa wavu alifariki muhula huo kwa homa.

Watano wa wavu waliobaki hawakumchukua mtu mwingine. Mwaka mzima walicheza watano, na nafasi ya mbele kushoto wakaiacha wazi. Timu ngeni zikiuliza, walisema, "Wa sita anakuja." Nilikuwa nikisikia jambo hilo kutoka dirishani kwangu, mchezo baada ya mchezo. Katika kitabu niliandika: "wachezaji walikuwa pungufu."

Sanduku lake nililipeleka mimi Issuna. Mama yake alinipa kigoda, akanipa maji, akaniuliza, "Mwanangu alikuwa anaumwa nini?" Nikasema homa. Alinitazama kama mtu anayepima unga kwa mkono. "Homa tunaijua sisi," alisema. "Homa humlaza mtu kwanza. Wewe unasema asubuhi alikula, jioni akafa." Hakuniuliza tena. Alinisindikiza hadi njia panda, akanishukuru kwa kuwa rafiki mwema wa mwanawe.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa darasa la pili, kwa nini shuleni kwangu wavu umefungwa tangu kabla hujazaliwa, wakati shule nyingine zote za Iramba zina magoli tu. Nilikujibu kwamba ni mchezo mzuri kwa afya. Jibu hilo lilikuwa dogo kuliko swali. Nilikuwa nikilipa kwa wavu deni la mdomo, na watu wengi hufanya hivyo: hutenda mema mengi ya pembeni ili wasiseme neno moja la katikati. Kama ningelisema neno hilo, wewe ungekuwa umelijua kabla ya kujifunza kumtuma Yona aitike jina lako. Hila hii hukuirithi kwa damu. Umeibuni mwenyewe, kama mimi, kwa sababu zile zile. Hilo ndilo linalonitisha jioni hii kuliko jambo jingine. Sikukufundisha, na bado umefanya hatua kwa hatua kana kwamba nilikushika mkono.

Unaweza kujiuliza kwa nini siji sasa hivi kwa bibi yako, mwendo wa saa moja tu. Nimeinuka mara mbili. Lakini najijua. Nitafika nimekasirika, nitakukemea mbele ya watu waliokuja kukuaga, utainamisha kichwa na kusema "sawa, baba," na kesho hutacheza. Kisha utavuka ziwa na kucheza kule. Mechi ya kesho naweza kuizuia kwa kuvificha viatu. Za huko siwezi, na kule watakuwa na fomu inayosema u mzima. Fomu hiyo ndiyo ninayoiogopa. Mtu mgonjwa anayejulikana hupewa wavu. Mtu mgonjwa mwenye karatasi safi hupewa namba tano mgongoni, na katibu wa michezo wa sasa, yule kijana mwema wa Chuo aliyekuandikia barua nzuri, atakutegemea kwa moyo wote. Ataandika yeye sasa kwenye kitabu chekundu.

Siwezi kukuahidi kwamba daktari atakuruhusu kupanda lori mchana. Huenda akakuzuia wiki kadhaa na kwinini yake. Huenda Chuo kikaudhika. Nami sina haki ya kukuambia kwamba hutalia utakapowaona wengine wakifunga kamba za viatu. Utalia. Ntandu alilia siku ile ya mstari, nyuma ya bwalo, akadhani sikumwona. Baada ya miezi mitatu alikuwa anaruka juu kuliko sisi sote.

Fomu nimeitoa kwenye bahasha. Iko mezani, chini ya taa. Pembeni yake kuna barua yangu kwa mkuu wa Chuo, haijafungwa, ili uisome kwanza wewe. Nimemwomba ukurasa mmoja wa kitabu chekundu usahihishwe, nimetaja jina la Ntandu kwa ukamilifu, na nimetaja langu. Nimeuliza pia kama yule daktari yu hai, au watoto wake. Mama yako atayajua yote kesho kutoka kinywani mwangu. Sasa hivi anapiga pasi shati lako jeupe katika chumba cha pili, na anaimba.

Vijana wa Shelui wanacheza kwa viwiko, unawajua. Wakija kukuita, watanikuta mlangoni, na baiskeli imeegemezwa ukutani. Daktari wa misheni anakuja pale barazani kesho kwa kuwa ni siku yake, na huanza mapema. Utakaa nyuma yangu kama ulivyokaa ulipokuwa mdogo, na njiani hatutalazimika kuzungumza.

Unaposoma haya kesho imekwisha kuwa leo. Leo, Zefania, kiache kiatu hiki hapo kilipo, ukalale mwenyewe juu ya meza ya daktari, na umtajie jina lako.